Simu Ilibaki Mlangoni

Kila Alhamisi nyumba ya akina Wisal mjini Misurata ilikuwa haikaliki. Mama yake, Bi Mabruka, alikuwa mpiga picha wa harusi za wanawake, na Alhamisi ndiyo siku ya harusi. Tangu adhuhuri betri zilitolewa kwenye chaja, taa zikafungwa mikobani, lenzi zikafutwa kwa kitambaa laini. Wisal, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alitumwa huku na kule bila kupumzika.

"Wisal, miguu ya taa!"

"Nimeshaiweka, mama!"

"Betri?"

"Moja ndani ya kamera, mbili mkobani."

"Na wewe mwenyewe umeshavaa, au unataka kwenda harusini na kandambili?"

Wisal akacheka, akakimbia kuvaa. Alikuwa mtoto asiyejua kukaa. Hata chakula alikila akiwa nusu kaketi nusu kasimama, na walimu wake walishachoka kumwambia atulie.

Alhamisi hiyo ilikuwa nzito kuliko nyingine. Kamera ya pili ya Bi Mabruka ilikuwa kwa fundi tangu kabla ya Ramadhani, kwa hiyo walibaki na moja tu. Halafu harusi yenyewe ilikuwa ya Ghalia, binti wa jirani yao Bi Intisar, na katika sherehe za wanawake za mji huo simu haziruhusiwi ndani ya ukumbi. Ndani humo wanawake huvua mabaibui, hucheza na hujipamba watakavyo. Nani anataka picha yake izurure kwenye simu za watu asiowajua? Kila simu hubaki mlangoni, na kamera inayoingia ni ile ya Bi Mabruka peke yake, kwa sababu wanamwamini.

"Wanawake mia tatu, kamera moja," mama alikuwa amesema. "Isipopiga hiyo, hakuna picha. Ghalia atawaonyesha nini watoto wake?"

Sasa, kamera hiyo ilikuwa na mwenzake. Kulikuwa na simu ya kazi, yenye apu iliyozungumza na kamera hewani, bila waya. Siku ya Jumanne apu hiyo ilikuwa imetangaza habari: programu inayoiendesha kamera imepata toleo jipya, na toleo hilo litaisaidia kamera kunasa nyuso vizuri zaidi penye mwanga hafifu.

"Tutaisasisha Jumapili," mama alisema. "Siku ya kazi kamera haiguswi. Jumapili tutaiweka mezani, chaja ukutani, simu pembeni, na mtu asipite hapo mpaka imalize."

Jumapili! Kwa Wisal, Jumapili ilikuwa mbali kama mwaka ujao. Alikumbuka harusi iliyopita, jinsi bibi harusi alivyoingia kwenye mwanga wa mishumaa na uso wake ukatoka na ukungu. Mama alikaa na picha zile siku mbili akiguna. Je, toleo jipya likiingia leo? Nyuso zitatoka safi, mama atashangaa, naye Wisal atasema polepole, "Ni mimi, mama." Alishaliona tabasamu la mama yake kabla hata hajagusa kitu.

Mama alipoingia chumbani kuswali Alasiri, Wisal akaichukua simu ya kazi. Apu ikamuuliza kama betri ya kamera imejaa. Akabonyeza ndiyo. Ikamwonya asiizime kamera. Ndiyo. Ikamwonya asiitenge simu na kamera. Ndiyo, ndiyo! Alibonyeza kama mtu anayefukuza nzi.

Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na mtandao ulikuwa unajikokota. Simu ikalivuta toleo jipya taratibu, kisha ikaanza kulisukuma kuelekea kwenye kamera. Asilimia nne. Asilimia saba. Wisal alikuwa akihama mguu huu na mguu ule.

"Haya, twende upesi, twende!" alimhimiza nani? Simu haina masikio.

Nje honi ya gari ikalia. Baba alikuwa amefika kuwapeleka.

"Tunatoka!" mama akaita. "Leta mkoba wa kamera!"

Asilimia kumi na tisa. Angefanya nini? Angeweza kusema hapo hapo. Badala yake aliiingiza kamera mkobani ikiwa inawaka, akaisukumiza simu kwenye mfuko wa gauni, akatoka mbio.

Ndani ya gari hakutulia. Kila baada ya muda aliinama kuchungulia mfukoni.

"Umekalia miiba?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Simu ya kazi umeiacha nyumbani? Unajua haiingii ukumbini."

"Nimeiacha," akajibu Wisal, akageuza uso dirishani. Masikio yalimwaka moto.

Mlangoni mwa ukumbi alikaa Hajati Masuda. Mama huyu ndiye aliyelinda simu katika harusi zote za mtaa ule. Alikuwa na meza, birika la umeme la chai yake, na rundo la vifuko vya kitambaa vyenye namba. Wakubwa kwa wadogo walimwogopa. Bi Mabruka alipita mbele na taa zake, akamsalimu, akaingia. Wisal alibaki nyuma kidogo, mkono mfukoni.

*Ting*, simu ikalia.

Hajati Masuda akainua jicho moja. "Hicho kinacholia mfukoni mwako ni kifaranga?"

"Hajati, naomba dakika tano tu, tafadhali! Nasubiri kitu kimalize."

"Dakika tano! Mama wa bwana harusi naye kaniomba dakika tano. Simu yake ile pale, namba tatu. Lete hapa."

Wisal aliitoa simu akaitupia macho. Asilimia sabini na nane. Hajati akaitumbukiza kwenye kifuko, akakaza kamba. "Namba mia moja arobaini na mbili. Nenda ukacheze ngoma, mwanangu. Simu haitoroki."

Ndani, ngoma zilikuwa zimeshaanza. Waimbaji wa harusi, wale akina mama wanaoitwa zamzamat, walikuwa wamejipanga jukwaani na matari yao. Wisal hakuwasikia hata kidogo. Alijibanza nyuma ya pazia karibu na chumba cha bibi harusi, akafungua mkoba. Kwenye kioo cha kamera palikuwa na maandishi: *Muunganisho umekatika. Usizime kamera. Usitoe betri. Isogeze simu karibu.*

Akabonyeza kitufe cha kupigia picha. Kimya. Akabonyeza kingine, kisha vyote. Kamera ilikuwa imeganda, na alama ya betri ilionyesha nusu.

"Wisal!" sauti ya mama ikamfikia kutoka jukwaani. "Leta kamera nipime mwanga!"

"Naifuta lenzi, mama!"

Mama akaendelea kusimamisha taa. Wisal alizunguka pale nyuma ya pazia, akaketi, akasimama, akaketi tena. Baada ya dakika kumi mama akaita mara ya pili.

"Bado?"

"Ina vumbi, mama! Namalizia!"

Akaufunga mkoba, akakimbilia mlangoni akihema. "Hajati, mama anaitaka simu yake. Kasema nimpelekee."

Hajati Masuda alikunywa funda la chai bila haraka. "Mama yako? Miaka kumi na mmoja ananipita hapa, hajawahi kuniomba simu hata siku moja. Kama anaitaka, aje mwenyewe aniambie."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wisal iliishia kwenye meza ile. Alirudi nyuma ya pazia, machozi yakimlenga. Alama ya betri sasa ilikuwa nyekundu. Mkobani mlikuwa na betri mbili zilizojaa, lakini zingemsaidia nini? Kuweka mpya ni lazima kwanza atoe iliyomo, na kamera yenyewe ilikuwa imeandika usitoe. Iwapo ingezimika katikati ya kazi, huenda isingeamka tena. Na asipoitoa, itazimika yenyewe. Aliweka ukucha kwenye kifuniko cha betri. Akauondoa. Akauweka tena.

Mlango wa chumba cha bibi harusi ulikuwa wazi kidogo. Ghalia alikuwa ameketi katikati, amevishwa joho la hariri lililofumwa kwa nyuzi za fedha, vidani vimemjaa kifuani, hawezi hata kugeuza shingo. Vazi hilo huvaliwa siku moja tu. Alimwona Wisal kwenye kioo, akamkonyeza.

"Wewe Wisal! Mwambie mama yako leo anikamate macho wazi, ee? Dada yangu kwenye picha zake zote kafumba kama anayeonja ndimu!"

Wanawake waliomzunguka wakaangua kicheko. Wisal hakuweza kucheka. Akaubeba mkoba kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja jukwaani.

"Mama. Sikuwa nafuta lenzi."

"Najua," mama akasema huku akifunga taa kwenye mguu wake. "Hakuna lenzi inayofutwa nusu saa. Umeivunja?"

"Nilianza kuisasisha nyumbani. Simu nilikuja nayo, sikuiacha. Hajati kaichukua kabla haijamaliza. Sasa kamera imeganda na betri inakwisha." Maneno yalimtoka yote kwa pumzi moja, kisha kilio kikafuata.

Bi Mabruka aliiacha taa. Akafungua mkoba, akatazama kioo cha kamera, na rangi ikampotea usoni. Wisal alingoja kofi, au walau ukelele. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba ule ule, akavuta waya wa chaja.

"Kwanza umeme," akasema. "Kulia baadaye. Fuata!"

Wakakimbia hadi mlangoni. "Hajati, naomba simu yangu ya kazi iingie ndani robo saa," Bi Mabruka akasema.

"Simu haiingii, Mabruka. Unajua. Nikikuruhusu wewe, hawa wote mia tatu nitawaambia nini?"

Bi Mabruka alifikiri kidogo. "Basi kama simu haiingii, kamera itoke. Tutakaa hapa hapa, mbele ya macho yako. Ila birika lako litatupisha kwenye umeme."

"Birika langu!" Hajati akashika kifua. Kisha akamgeukia Wisal. "Na nani aliyethubutu kuja na simu siku ya harusi?"

Mama alimtazama Wisal.

"Mimi, Hajati," Wisal akasema. "Na niliposema mama anaitaka, nilikudanganya. Nisamehe."

"Nilijua. Ulikuwa unanitazama vidole vya miguu." Hajati akachomoa birika, akafungua kifuko namba mia moja arobaini na mbili. Kabla ya kutoa simu akabandika plasta juu ya macho yake ya kupigia picha, mbele na nyuma. "Ikifumbua jicho, naitia kwenye chai."

Waya ukaingia ukutani, na alama nyekundu ya betri ikaacha kumetameta. Simu ikawekwa kando ya kamera. Zikatafutana kidogo, zikapatana. Apu ikaandika kwamba kazi itaanza upya: dakika kumi na nane.

Mama akatazama saa. "Bibi harusi anatoka saa kumi na moja na nusu. Zimebaki dakika tano. Wisal, nenda kwa Bi Intisar ukamwambie atungoje."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine? Mimi siondoki hapa, na habari yenyewe ni yako."

Ukumbi ule haukuwahi kuwa mrefu namna ile. Wisal alipita katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, mpaka akamfikia Bi Intisar mlangoni mwa chumba cha bintiye, bangili za dhahabu zimempanda hadi viwikoni. Akamwambia yote, bila kuruka neno.

"Kamera moja, mwanangu!" Bi Intisar akapiga mikono. "Moja tu! Na wewe ukaichezea leo? Leo?"

Wisal aliinamisha kichwa.

"Mama!" Ghalia akaita kutoka ndani. "Mwaka mzima nimengoja nyumba yangu na mume wangu ipauliwe ndipo niolewe. Nitashindwa kungoja robo saa? Mwache mtoto. Nipeni maji tu, vidani hivi vinaniua."

Bi Intisar akashusha pumzi. Akampungia mkono kiongozi wa waimbaji, akazungusha kidole hewani: endeleeni. Mwimbaji yule alikuwa mzoefu. Hakuuliza kwa nini. Akageuza pigo la tari akaimba,

*Nyota haiji kwa kuitwa,*
*hutoka ikitaka yenyewe!*

Ukumbi mzima ukaitikia kwa vigelegele, kila mtu akidhani bibi harusi anajishaua.

Wisal alirudi mlangoni akakalia mikono yake ili isiguse kitu. Asilimia thelathini. Asilimia arobaini na moja. Hakuwahi kukaa kitako muda mrefu hivyo tangu azaliwe. Mgeni aliyechelewa akaja na watoto wanne, akataka kuweka pochi lake mezani. Hajati Masuda akanyoosha mguu kumzuia.

"Pita upande ule, bibie! Hapa pana mgonjwa."

Asilimia tisini. Tisini na sita. Mia. Kisha kioo cha kamera kikawa cheusi.

"Mama, imekufa!"

"Usiiguse." Midomo ya Bi Mabruka ilikuwa ikisoma dua kimya kimya. Hajati naye alikuwa ameacha kupumua. Wote watatu walikikodolea macho kile kipande cha kioo cheusi, na kule ndani matari yalikuwa yakizidi kupigwa. Halafu taa ndogo ya kijani ikawaka, kioo kikang'aa, na kamera ikafungua lenzi yake.

Bi Mabruka aliinyakua, akaielekeza kwenye kitu cha karibu zaidi, akapiga. Lilikuwa birika la Hajati.

"Inapiga!" akapaza sauti, na alikuwa ameshakimbia nusu ya ukumbi. "Wisal, taa ya kushoto!"

Ghalia akatoka katika mwanga wa mishumaa, joho lake likimeremeta, na macho yake yakiwa wazi kabisa.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya kula kuskusi, mama na binti waliketi kuzitazama picha. Zilikuwa nzuri. Kila uso ulionekana, hata wa bibi mmoja aliyekuwa akificha kipande cha makrudhi, kitafunwa cha tende, kwenye mkoba.

"Toleo jipya limesaidia," Wisal akasema kwa sauti ndogo.

"Limesaidia sana. Lingesaidia harusi zijazo vile vile kama tungengoja Jumapili. Kwa Ghalia hakuna Alhamisi nyingine, na wewe ukaiweka siku yake rehani kwa sababu ya pupa." Mama akaiweka kamera mezani. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kukosea si jambo geni. Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi, niliosha lenzi kwa maji ya sabuni. Ungeniambia pale pale, kosa lako la saa kumi ningelimaliza bila shida. Waya wa chaja ulikuwa kwenye mkoba ulioukumbatia. Dawa ilikuwepo muda wote ule uliokuwa unanidanganya. Kilichokosekana ni wewe kuniambia panapouma. Ndiyo maana wazee husema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wisal alikuwa akikumbuka ukucha wake juu ya kifuniko cha betri.

"Na adhabu ipo," mama akaendelea. "Alhamisi nne utakaa na Hajati Masuda mlangoni, ukifunga vifuko. Kaomba mwenyewe. Anasema una sauti nzuri ya kuwakatalia watu dakika tano."

Wisal akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Akarudi kwenye picha ya kwanza kabisa, ile ya birika, akasogeza kidole aifute.

"Iache," mama akasema. "Kamera ya pili inarudi kutoka kwa fundi kesho. Jumapili ijayo nayo tutaisasisha. Mezani, chaja ukutani. Na wewe ndiye utakayeishika simu."

Wisal akainua macho. "Mimi tena? Na nikikosea, mama?"

"Utaniita," mama akajibu. "Papo hapo utaniita."